Dubwi Halina Mwamba

Ukipita Katoro jioni, au Masumbwe, au Kakola siku ambayo karasha zimesaga mawe ya dhahabu na watu wamegawana, utalisikia kabla hujaliona. Muziki mwembamba kama wa mdoli, taa zinakimbia tii-tii-tii, kimya kidogo, kisha sarafu nyingine inatumbukia. Kwenye karatasi za serikali ni mashine ya michezo ya kubahatisha. Kwenye baa, kwenye banda la chipsi na pembeni ya duka la vocha ni dubwi.

Sikuandika mwongozo huu kukukataza. Kama umefikisha miaka 18 na mashine ina leseni, sheria haina neno na wewe, na hela ni jasho lako. Ila hakuna mchimbaji wa Nyarugusu au Mwakitolyo anayeingia ubia wa duara, yaani shimo la kuchimbia, bila kuuliza maswali: leseni ni ya nani, tumefika futi ngapi, mwamba umeonekana au bado, na mifuko ikitoka inagawanywaje. Mtu huyohuyo humaliza mgao wa wiki tatu mbele ya sanduku la bati ambalo hajawahi kuliuliza hata swali moja. Tuliulize leo.

Ndani ya sanduku

Tukianza mbali kidogo: mwishoni mwa miaka ya 1800, fundi mmoja wa San Francisco aitwaye Charles Fey alitengeneza mashine ya magurudumu matatu iliyoitwa Liberty Bell. Ulivuta mkono wa chuma, magurudumu yakazunguka, na kengele tatu zikipangana mstari mmoja ulilipwa. Ile ilikuwa mashine ya chuma na springi. Mwenye macho makali angeweza kuhesabu picha kwenye kila gurudumu na kujua nafasi yake ni ngapi.

Siku hizi huwezi. Mwaka 1984, Inge Telnaes alipewa hataza Marekani kwa ubunifu ambao ndio msingi wa mashine nyingi za sasa: kompyuta ndogo ndani huchagua namba kwa kubahatisha, na namba hiyo ndiyo inayoamua gurudumu lisimame wapi. Kwa njia hiyo picha ya zawadi kubwa inaweza kuchorwa ionekane vizuri kabisa, halafu ndani ikapewa namba chache mno. Macho yako yanaona picha moja kati ya ishirini na kitu, kompyuta inaiona moja kati ya mamia.

Dubwi la kwetu mara nyingi halina magurudumu. Ni lile la taa inayozunguka kwenye fremu ya picha: tufaha, chungwa, embe, kengele, tikiti maji, nyota, 77 na BAR. Chini kuna vitufe vya picha hizo. Unatia sarafu, mara nyingi ya shilingi 200, unabonyeza picha unayoitaka, taa inakimbia, inapunguza mwendo, inatua. Ule mwendo wa kupungua ndio unaofanya mtu asimame na kulinyooshea mkono kama anasukuma baiskeli mlimani. Lakini taa haiamui kitu. Uamuzi umeshapita tangu ulipobonyeza, na kilichobaki ni kukuonyesha tu, polepole, kwa mbwembwe. Ukipiga sanduku, ukilibembeleza, ukibadilisha mkono au ukimwita rafiki mwenye nyota akubonyezee, namba ilishatoka.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: mashine nyingi za aina hii zina mpangilio wa ndani wa kiwango cha malipo. Mwenye ufunguo anaweza kuchagua ilipe zaidi au ilipe kidogo. Wewe uliyesimama mbele huoni kiwango kilichowekwa. Geita ilipofunguliwa soko la dhahabu, Machi 2019, faida moja aliyoipata mchimbaji mdogo ni kwamba mzani uko mezani, unaona gramu zako na unaijua bei ya siku. Dubwi ni mnunuzi ambaye mzani wake umefungwa ndani ya kabati, na ufunguo anao yeye.

Hesabu ya sarafu ya 200

Chukua kalamu, au kijiti uandike chini. Tuseme fremu ina picha 24, na kati yake 4 ni tufaha. Tufaha likitua unalipwa mara 5. Tuseme pia, kwa ukarimu, kwamba mashine ni ya haki kabisa na taa hutua kila mahali sawa kwa sawa.

Ukicheza tufaha mizunguko 24, utatia sarafu 24. Kwa wastani utapata mara 4, kila mara sarafu 5, jumla 20. Sarafu 4 zimebaki kwenye sanduku. Kwa hiyo kati ya kila sarafu 6 unazotia, moja hairudi. Hapo hakuna aliyekuibia. Ndivyo mchezo ulivyoundwa, na ungekuwa umeundwa vingine baa isingekubali kuliwekea umeme.

Sarafu moja kati ya sita, mtu atasema, ni kitu gani? Sasa angalia kinachotokea, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea. Umeingia na 60,000. Kwa sarafu ya 200 hiyo ni mizunguko 300. Ukiimaliza yote, kwa wastani una 50,000 kwenye trei. Ungeondoka hapo ungekuwa umelipa 10,000 kwa burudani ya chini ya saa moja. Lakini hakuna anayeondoka na trei imejaa. Unaichota, unairudisha. 50,000 inakuwa kama 41,700. Unairudisha. 34,700. Kisha 28,900, kisha 24,100, kisha 20,100. Kwa mzunguko mmoja kila sekunde kumi, safari hiyo nzima ni kama saa tatu na dakika ishirini, na theluthi mbili ya hela yako imehama mfukoni.

Mchimbaji anaujua mchezo huu kwa jina lake: marudio. Wewe unasaga mawe, unaosha, unashika kwa zebaki, unachoma, unapata kibonge chako na kuona umemaliza. Sehemu kubwa ya dhahabu bado imo kwenye ule mchanga ulioacha. Mwenye plant ya kuchenjulia dhahabu anaununua kwa bei ya huruma, anaupitisha kwenye dawa, na ndiye anayejenga ghorofa. Dubwi linafanya marudio ya mgao wako. Kila ukirudisha ulichoshinda, linakukamua tena.

Niongeze kwamba hayo ni ya wastani. Siku moja utatoka na 200,000 na kijiji kizima kitajua. Siku nyingine 60,000 itakwisha ndani ya nusu saa na utajua peke yako. Ndiyo maana ukikaa kijiweni utawasikia walioshinda kuliko walioliwa.

Kwa nini linamshika mchimbaji

Nimewahi kusikia watu wa mjini wakisema wachimbaji wanacheza dubwi kwa sababu hawajasoma. Si kweli, na ni matusi. Mchimbaji ana sababu ya kuamini anachoamini: amekiona kwa macho.

Kwenye duara unaweza kuchimba miezi minne bila kitu. Unakula kwa mkopo, unanunua matimba kwa mkopo, wenzako wanakata tamaa na kuhamia kwenye rashi mpya huko Runzewe. Wewe unabaki. Futi kumi zaidi, mwamba unaonekana. Duara linatema. Aliyevumilia ndiye aliyekula. Hilo limetokea mara nyingi mno kiasi kwamba limekuwa akili ya kazi yenyewe: usiache, umekaribia.

Akili hiyo ni sahihi duarani. Ardhi ina mwamba, mwamba una mwelekeo, na kila futi unayochimba inakupa habari mpya. Hata ukikosa, umejua wapi haupo. Kwenye dubwi neno ni lilelile, tunasema limetema, lakini hakuna unachokikaribia. Mzunguko wa mia tatu hauko karibu na ushindi kuliko mzunguko wa kwanza. Sarafu ulizotia hazijachimba shimo lolote. Dubwi halina mwamba.

Na waliolitengeneza wanajua jinsi ya kukufanya uhisi kwamba lina. Umeweka kwenye 77, taa inapunguza mwendo, inapita nyota, inatua picha moja kabla ya 77. "Aaah! Kidogo tu!" Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba kukosa kidogo namna hiyo huamsha sehemu za ubongo zilezile zinazoamka mtu anaposhinda, na humfanya atamani kuendelea. Ukikosa kwa picha moja au kwa picha kumi na moja, hela iliyopotea ni ileile. Ubongo haukubali.

Kuna na hili la kuweka kila mahali. Anayeona anajihami hubonyeza picha zote nane, sarafu moja kila moja: 1,600. Tufaha linatua, muziki unalia, taa zinawaka, sarafu tano zinaporomoka kwenye trei kwa kishindo. Amepata 1,000. Amepoteza 600, na masikio yake yanamwambia ameshinda.

Miaka mingi kabla ya utafiti huo wa Cambridge, mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha kwamba njiwa anayepewa punje kila akidonoa kitufe hudonoa kwa kiasi na akishiba huacha, lakini yule anayepewa mara moja moja bila mpangilio hudonoa bila kuchoka. Sina haja ya kulieleza zaidi. Kasimame nje ya baa uangalie.

Maneno ya kijiweni

"Limeshiba, sasa litatema." Hili ndilo neno linalokula hela kuliko yote. Mtu anaona mwenzake ametia 40,000 bila kitu, anamsubiri ainuke, anakaa yeye. Kwenye mashine inayochagua namba kwa kubahatisha, mzunguko mpya hauna kumbukumbu ya uliopita. Nitasema na upande wa pili ili nisikudanganye: zipo mashine, Uingereza kwa mfano zinaruhusiwa, ambazo programu yake hufuatilia zilichopokea na kulipa ili kiwango kisiyumbe. Lakini hata kama dubwi la kwenu lingekuwa hivyo, wewe hujui limepokea kiasi gani tangu lilipofunguliwa, hujui kiwango kilichowekwa, na kiwango chenyewe kiko chini ya sarafu unazotia. Kusubiri lishibe ni kukisia kina cha kisima kwa kuangalia mfuniko.

"Nina fomula." Anayeuza fomula anakula kwa kuuza fomula.

"Nikishinda nakisia kubwa au ndogo, nazidisha mara mbili." Kitufe hicho kimewekwa ili ushindi usifike mfukoni. Hata kingekuwa haki, mtu anayezidisha mfululizo anahitaji kukosa mara moja tu kupoteza yote.

"Kwenye simu ni afadhali." Kwenye simu ni mbaya zaidi. Dubwi la baa lina mipaka ya kimwili: sarafu zinaisha, trei inajaa, baa inafungwa, jirani anakuona. Simu haifungwi. Hela inatoka M-Pesa au Airtel Money bila kugusa mkono, na usiku wa manane hakuna wa kukuuliza. Kile kindege kinachopaa huku namba ikipanda, ukitakiwa kutoa kabla hakijapotea, ni ndugu wa dubwi wa baba mmoja: pahali kitakapopotelea pamepangwa na kompyuta, na hesabu ya mwisho iko upande wa mwenye kampuni.

Kama utacheza

Angalia kwanza leseni. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na biashara ya mashine hizi bila leseni ya Bodi ni kosa. Muulize mwenye baa, mashine hii leseni yake iko wapi? Akianza kucheka, umejibiwa. Mashine isiyo na leseni ikikataa kulipa hutakuwa na pa kwenda kulalamika.

Usiingie na mgao. Hili ni la muhimu kuliko yote, na linatakiwa kufanyika ukiwa bado kwenye eneo la kazi, mikono ina vumbi. Hela ya nyumbani itume palepale. Deni la duka lipe palepale. Ya kikoba mpe mweka hazina. Kwa Wasukuma hakuna haja ya kufundishana faida ya kununua mtamba mnadani. Ng'ombe ana sifa moja ambayo benki haina, huwezi kumtumbukiza kwenye tundu la sarafu saa nne usiku. Ni vilevile kwa mkulima wa mpunga wa Kahama au wa pamba Kishapu msimu wa mauzo: dubwi husogea karibu na hela mpya.

Kilichobaki, tenga kiasi ambacho kingekwisha kwa bia mbili usingekasirika. Badilisha sarafu hizo tu. Simu na kitambulisho mwachie mtu. Ulichoshinda kisirudi: sarafu ikishuka kwenye trei iende mfuko wa kulia, unayocheza itoke mfuko wa kushoto, kushoto kukiisha unanyanyuka. Watu wataona kama mzaha lakini njia hii hukata marudio, na marudio ndiyo yanayokumaliza. Usicheze umelewa. Usicheze siku duara limeporomoka au umegombana na mtu, kwa sababu siku hiyo hutafuti hela, unatafuta kusahau, na dubwi linauza usahaulifu kwa bei mbaya.

Na usicheze kurudisha iliyopotea. Iliyopotea imeshapotea. Kwa hesabu ya juu, kila saa ya kutafuta 20,000 iliyoliwa inakugharimu kama 12,000 nyingine.

Ukiona haya, limekushika

Unakopa ili ucheze. Kwetu huku mtu akishafika kwenye mikopo ya kausha damu kwa sababu ya dubwi, shimo lina shimo ndani yake, maana riba haisubiri taa itue. Unadanganya nyumbani kuhusu mgao. Umeanza kuchukua mfuko wa wenzako ukisema utarudisha kesho, na unajua kwenye machimbo mtu anayeshikwa na mfuko wa mawe usio wake anafanywa nini. Umesema "leo mwisho" mara tano mwezi huu.

Hiyo si laana wala si kurogwa, hata kama shangazi amesema hivyo. Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la kamari kwenye orodha yake ya magonjwa, kundi moja na uraibu mwingine. Lina matibabu ya mazungumzo, na pa kuanzia ni hospitali ya wilaya au ya mkoa; wao wanaweza kukupeleka hadi Bugando, Mwanza. Kabla ya hapo fanya lile lililo mkononi mwako: mwambie mtu mmoja ukweli wa kiasi, kwa tarakimu. Si "nacheza kidogo." Sema laki nane. Kisha mwombe mwenye duara au kiongozi wa kundi amkabidhi mke, mume au mama yako mgao wako kwa miezi mitatu. Utaona aibu wiki ya kwanza.

Wewe usiyecheza

Mwenye baa, ndugu yangu, nakujua unapata fungu lako kila mwenye mashine anapokuja na ufunguo. Basi linda angalau mlango. Mtoto aliyetumwa sukari akarudi mikono mitupu kwa kuwa chenji imemezwa na dubwi pembeni ya duka lako, huyo sheria haimruhusu hata kuligusa, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji: Kenya mwaka 2018 serikali ilikamata mashine za namna hii na kuzichoma moto mbele ya kamera. Sisemi mchome. Pita tu na daftari, andika ziko ngapi, zipi hazina leseni, zipi zimewekwa njia ya shule, na upeleke orodha hiyo polisi na kwenye Bodi. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Nawe mwenye sarafu mfukoni, mgao ujao ukitoka, kabla hujafika ule mtaa wenye muziki, tuma hela ya nyumbani. Kisha piga simu usikie mwenyewe wakikwambia imefika.